Simu janja ya kwanza Tanga: anza na laini, kifaa kitafuata

Mimi nauza kava, protekta na chaja Ngamiani, jirani na fundi simu tunayegawana naye kibaraza kimoja. Simu zenyewe siuzi, kwa hiyo sifaidiki chochote ukichukua hii ukaacha ile. Labda ndiyo sababu watu wa Muheza, Pangani na Mkinga wakishuka mjini hunipitia kwanza na swali lilelile: "Nina laki tatu, ninunue simu gani?" Nimelijibu mara nyingi mpaka nimeona bora niandike, anayeuliza nimpe asome akiwa amekaa.

Mwongozo huu ni wa anayetoka kwenye kitochi kwenda simu janja, au anayemnunulia mzazi kijijini. Mwenye milioni na nusu anayetafuta kamera ya harusi hautamsaidia.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Uwe na hivi:

- Namba yako ya NIDA, tarakimu 20. Kadi yenyewe si lazima kama namba unayo, ila vidole vyako vitahitajika.
- Laini unayotumia sasa, tena iwe inafanya kazi.
- Bajeti iliyogawanywa. Kwenye kila laki tatu toa kama elfu thelathini pembeni kwa kava, protekta na kifurushi cha kwanza. Wengi humaliza hela yote kwenye kifaa, simu ikapanda daladala ya kwanza ikiwa uchi.
- Waya wa masikioni wa kuazima, wa kujaribia tundu la sauti.
- Muda. Usinunue saa kumi na moja jioni huku gari lako likipiga honi Kange. Nenda asubuhi.

HATUA YA 1: Jua mtandao unaokamata pale unapolala

Watu wengi huanza na kifaa. Mimi nasema anza na mnara. Simu ya laki sita isiyopata mtandao chumbani kwako ni saa ya mezani.

Kampuni tulizonazo ni Vodacom, Airtel, Yas (ndiyo Tigo ya zamani), Halotel na TTCL. Usiniulize ipi bora, kwa sababu mjini Chumbageni zote zinaweza kuvuma, halafu ukifika kwako Tongoni au Maramba ikabaki moja inayoeleweka. Fanya hivi: kwa siku mbili, azima simu janja za majirani wenye laini tofauti. Simama mahali unapolala, kisha mahali unapofanyia kazi. Tazama juu ya kioo kama imeandika 4G (yenye kasi), 3G (ya wastani) au E (ya kujikongoja). Fungua video fupi moja. Rudia saa mbili usiku, watu wengi wakiwa mtandaoni, maana mtandao wa saa nne asubuhi unaweza kukudanganya.

Ukikuta laini yako ya miaka yote ndiyo dhaifu, huna haja ya kutupa namba. Tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama mtandao na namba ileile: unakwenda kwa wakala wa mtandao unaouhamia, unatuma neno HAMA kwenda 15080, na unafuata maelekezo. Kabla ya kuhama, toa pesa zilizomo kwenye akaunti ya simu na ulipe salio ulilokopa. Namba inahama, pesa haziifuati.

HATUA YA 2: Andika kazi tatu tu

Chukua kipande cha karatasi uandike kazi tatu ambazo simu itafanya kila siku. WhatsApp na watoto walioko Dar. Kupiga picha samaki na kumtumia mteja bei. Kulipa kwa simu. Yoyote, mradi ziwe tatu. Ukifika dukani, muuzaji akianza kukusifia kamera nne za nyuma, utaitazama karatasi yako. Kati ya hizo kamera nne, kwenye simu za bei ya chini, inayopiga picha ya maana huwa moja, nyingine ni mapambo kama vifungo vya kanzu.

HATUA YA 3: Soma sifa tano, zilizobaki ziache

Betri. Tafuta mAh 5,000 au zaidi (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Simu nyingi za bei ya chini siku hizi zinafikia hapo, kwa hiyo usikubali chini yake.

RAM, yaani nafasi ambayo simu hufanyia kazi programu zilizofunguliwa. Chukua GB 4, na kama mfuko umebana kabisa GB 3. Hapa kuna mtego: boksi limeandikwa "8GB" kwa maandishi makubwa, chini yake kwa maandishi ya chungu imeandikwa 4+4. Nne za pili ni nafasi iliyoazimwa kwenye hifadhi, wala hazifanyi kazi kama RAM halisi. Uliza hivi: "Ya kweli ni ngapi?" Muuzaji akijua unajua, atashusha sauti.

Hifadhi. GB 64 ndiyo chini kabisa, 128 ni raha. Mfumo wenyewe hula sehemu kubwa kabla hujaweka hata picha moja. Hakikisha pia ina sehemu ya memori kadi, na kwamba hulazimiki kutoa laini ya pili ili kuweka kadi.

Toleo la Android. Simu iliyokaa dukani miaka mitano ikiwa mpya kwenye boksi bado ni simu ya zamani. Programu kama WhatsApp huacha kufanya kazi kwenye matoleo yaliyozeeka. Muulize muuzaji mwaka simu ilipotoka, na masasisho ya usalama yataendelea mpaka lini. Ukiona neno Go pembeni ya Android usiogope, ni toleo jepesi lililotengenezwa kwa ajili ya simu zenye RAM ndogo.

Maji na vumbi. Tafuta herufi IP kwenye boksi. IP54 maana yake inavumilia vumbi na marusho ya maji. IP67 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Sasa nyinyi watu wa pwani nisikilizeni: kipimo hicho kinafanywa kwa maji baridi, si ya bahari. Chumvi haisomi boksi.

Nimeshaona kazi ya chumvi kwa jicho langu. Fundi alifungua simu ya mvuvi mmoja, simu ambayo haikuwahi kuzama hata siku moja. Ilikuwa inakaa tu kwenye mfuko wa kaptula ndani ya ngalawa. Kwenye tundu la chaji, vile vipini vidogo vya shaba vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, na ule ukungu ukatambaa mpaka kwenye ubao wa ndani kama mwani kwenye kamba ya nanga. Ni hewa na jasho tu vilivyofanya hayo. Kwa hiyo kama kazi yako ni baharini, hata simu yenye IP67 iweke kwenye mfuko wa nailoni wenye kufungika, toa ukiwa nchi kavu.

HATUA YA 4: Uliza bei ya kioo kabla ya bei ya simu

Ukinisikiliza kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu, kiwe hiki.

Simu janja ikifa mikononi mwa mtu wa kawaida, mara nyingi ni kioo au tundu la chaji. Kwa hiyo simu inayodumu ni ile ambayo ikivunjika, fundi wa Ngamiani ana kioo chake droo ya pili, au anakipata siku hiyohiyo. Kabla ya kwenda dukani, chagua aina mbili au tatu, kisha pita kwa mafundi wawili tofauti na uwaulize: "Kioo cha hii kipo? Shilingi ngapi pamoja na ufundi? Mfumo wa chaji je?"

Akikuambia "mpaka tuagize Kariakoo, wiki mbili", hiyo simu iache hata kama ni nzuri kama lulu. Akikuambia bei ya kioo inafika nusu ya bei ya simu, iache pia.

Tecno, Infinix na itel zinatoka kampuni moja mama, Transsion ya China, na zimeenea sana, ndiyo maana vipuri vyake huwa rahisi kupatikana. Kituo chao cha matengenezo kinaitwa Carlcare. Samsung za familia ya A nazo mafundi wengi wanazijua, na kwa masasisho ziko vizuri. Redmi inategemea toleo. Majina ya ajabu usiyoyasikia kwa mtu mwingine yeyote barabarani waachie wanaopenda bahati nasibu.

HATUA YA 5: Ikague mbele ya muuzaji

Usione aibu. Anayekukataza kukagua ameshakujibu.

1. Boksi lifunguliwe mbele yako. Piga *#06#. Zitatokea namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu yenyewe, kila moja tarakimu 15, na kwa simu ya laini mbili zitakuwa mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu.

2. Tuma IMEI hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Ujumbe wa majibu unakuambia aina ya simu. Boksi likisema Samsung na ujumbe ukisema jina jingine, au ukisema si halali, irudishe palepale. Wenye umri wangu wanakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima. Kesho yake asubuhi kuna watu walishika simu zao kama mtu aliyeshika kibiriti kilicholowa.

3. Weka laini yako. Piga mtu. Sikiliza kwa spika ya sikioni, kisha ya nje. Mwombe unayempigia akuambie kama anakusikia vizuri.

4. Shika alama ya programu yoyote kwa kidole na uiburute polepole kuanzia kona ya juu mpaka chini, mstari kwa mstari, kama unapiga deki. Ikidondoka mahali fulani, tachi ina tatizo hapo.

5. Piga picha mbele na nyuma. Toka nayo nje juani uone kama kioo kinasomeka. Jua la Tanga la saa saba mchana ndilo mtihani wenyewe.

6. Chomeka chaja iliyokuja nayo, uitikise kidogo. Isikatekate.

7. Fungua Play Store, lile duka la programu la Google, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya kuhusu. Utaona kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Simu bandia nyingi hukwama hapa.

Kama unanunua iliyotumika

Sikukatazi, nyingine ni nzuri kuliko mpya za bei hiyohiyo. Lakini ongeza tahadhari tatu. Ya kwanza: muuzaji aifute mbele yako na kuiwasha upya mpaka ifike kwenye ukurasa wa mwanzo bila kuuliza akaunti ya Google ya mtu mwingine. Ikiuliza, hiyo si yako hata ukiilipa mara mbili. Ya pili: uliza kama ni simu ya mkopo. Zipo simu zinazouzwa kwa kulipa kidogokidogo, na deni lisipolipwa zinajifunga zenyewe. Mtu anakuuzia leo inafanya kazi, mwezi ujao inabaki kioo cha kujitazamia. Ya tatu: andikianeni. Jina lake, namba ya simu, IMEI, bei, tarehe, saini, na shahidi mmoja. Simu ya wizi ikifuatiliwa, atakayekutwa nayo ni wewe.

HATUA YA 6: Chukua risiti ya EFD

Si kikaratasi cha kuandika kwa kalamu. Risiti ya mashine, na kadi ya dhamana iandikwe tarehe na kugongwa mhuri. Risiti za mashine hufifia kwenye joto, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo ujitumie mwenyewe WhatsApp. Na uulize dhamana inahusu nini. Kwa kawaida kioo kilichovunjika na maji hayamo.

HATUA YA 7: Laini na vidole vyako

Kama laini yako ni ya siku nyingi, huenda haina 4G. Nenda kwenye duka la mtandao wako wakubadilishie kadi, namba inabaki ileile.

Kama unasajili mpya, usajili ni kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Hapa ndipo penye utapeli. Mama yangu mdogo alisajili laini kwa kijana aliyekuwa anatembeza mwavuli barabarani. Kijana akamwambia, "Mama, mtandao haujasoma, weka tena kidole." Akaweka. "Tena." Akaweka. Baadaye tukagundua ana laini ambayo hajawahi kuishika, na namba hiyo ilikuwa inatumika kutuma zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Kwa hiyo sajili dukani au kwa wakala mwenye sehemu inayojulikana. Akikuomba kidole mara ya pili, uliza kwa nini, na umwombe akuonyeshe kioo chake. Ukimaliza, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, ripoti kwenye duka la mtandao huo ifungwe. Rudia kila baada ya miezi michache, na kwa kila mtandao ulionao.

HATUA YA 8: Ziba matundu kabla ya kununua bando

Simu mpya ikiwashwa na data, inafanya kama mgeni aliyefika na njaa: inasasisha kila kitu kwa mpigo. Watu hununua MB 500, wanakwenda kuoga, wakirudi zimeisha, wanailaumu kampuni. Kabla hujajiunga na kifurushi chochote:

- Play Store, kwenye mipangilio: programu zisasishwe kwa Wi-Fi tu.
- WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data: ondoa alama kwenye upakuaji wa picha, sauti na video unapotumia data za simu. Makundi ya ukoo ndiyo yanayomaliza bando, sisemi zaidi.
- Mipangilio ya simu, mtandao: washa kiokoa data.
- YouTube na TikTok: weka ubora wa chini au kiokoa data. Video ya ubora wa kawaida wa 480p inaweza kula kama nusu GB kwa saa moja. Kupandisha ubora hadi 720p ni kuongeza mara mbili au zaidi.
- Zima data za nje ya nchi. Hii ni kwa wa Mkinga hasa: ukisogea Horohoro, simu inaweza kudaka mnara wa Kenya ukiwa bado umekaa kwenye baraza yako.

Sasisho kubwa la kwanza lifanye kwenye Wi-Fi ya ndugu au ofisini.

HATUA YA 9: Chagua kifurushi kwa hesabu

Bei za vifurushi zinabadilika, kwa hiyo sitakuandikia bei ya leo. Nitakufundisha kuhesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwenye menyu umekuta hivi: cha siku shilingi 1,000 kwa MB 600, cha wiki shilingi 5,000 kwa GB 3.5, cha mwezi shilingi 20,000 kwa GB 12.

GB 1 ni MB 1,024. Ukigawa pesa kwa MB, cha siku kinakuja kama shilingi 1.67 kwa MB moja, cha wiki 1.40, cha mwezi 1.63. Kwa hiyo cha wiki ndicho nafuu, eti? Subiri kwanza.

Wewe unatumia MB ngapi? Simu yenyewe inakuonyesha, kwenye mipangilio, matumizi ya data. Tuseme ni WhatsApp tu, MB 100 kwa siku. Basi kile cha siku umelipia 1,000 ukatumia MB 100, yaani shilingi 10 kwa MB, nyingine zimekufa saa zilipotimia. Cha wiki umetumia MB 700 kwa 5,000, kama shilingi 7.1. Cha mwezi MB 3,000 kwa 20,000, kama 6.7. Kumbe sasa cha mwezi kimepita, na zaidi ya hapo, vyote vitatu ni vikubwa kwako! Tafuta kidogo zaidi cha wiki. Gawanya pesa kwa MB utakazotumia kweli, usigawanye kwa zile walizokuandikia.

Wiki mbili za kwanza jiunge na vya siku, vidogovidogo, uone unakula kiasi gani. Ukishajua, hamia wiki. Cha mwezi nenda tu kama kipato chako ni cha mwezi. Mvuvi au muuza machungwa anayepata leo na kukosa kesho, cha wiki kinamfaa zaidi. GB 12 zilizoisha tarehe 18 wakati pochi ni tupu zinauma.

Tazama na haya: dakika ni za mtandao mmoja au mitandao yote? Kuna MB zilizofungwa kwa ajili ya usiku tu au mitandao ya kijamii tu? Cha siku kinahesabu saa 24 au kinaisha saa sita usiku? Ukijiunga saa nne usiku kwa hiki cha pili, umenunua saa mbili. Mtandao unatakiwa kukutumia ujumbe ukifika asilimia 75 ya kifurushi na kikiisha, usiufute bila kusoma.

Kujiunga, tumia menyu rasmi ya mtandao wako au programu yake. Yule kijana wa "bando la chuo bei poa" anayetaka umtumie namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako, mwache aende zake.

HATUA YA 10: Siku ya kwanza, kabla ya kulala

Weka kava lenye kingo zilizopanda juu ya kioo, na protekta. (Ndiyo, mimi nauza hivyo. Lakini hata ukinunua kwa jirani, weka.) Weka namba ya siri ya kufungulia, usiweke mwaka wako wa kuzaliwa, wala isifanane na ya pesa. Andika akaunti yako ya Google na nywila kwenye daftari nyumbani. Nusu ya wanaokuja kwa fundi wamejifungia nje wenyewe. Washa huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea. Umeme ukianza kukatika na kurudi, chomoa chaja.

MATATIZO YA KAWAIDA

Bando linaisha haraka. Fungua matumizi ya data, tazama programu iliyo juu kabisa. Kama ni Play Store, hukufanya hatua ya 8. Kama ni programu usiyoijua, iondoe. Angalia pia kama umewasha hotspoti bila nywila. Watoto wa jirani hawaombi ruhusa.

Mtandao unaandika E au 3G wakati jirani ana 4G wa kampuni hiyohiyo. Ingia mipangilio ya laini, aina ya mtandao, chagua 4G. Ikikataa, kadi yako ni ya zamani, ibadilishe. Ikiwa laini mbili zimo, hakikisha data imewashwa kwenye ile yenye bando. Hili la mwisho ni kosa la kila siku.

Haichaji, au inachaji ukiipinda waya. Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao, si sindano, ukwangue taratibu ndani ya tundu. Utatoa pamba ya mfukoni ya miezi sita. Bado? Jaribu waya mwingine kabla ya kumlipa fundi.

Nafasi imejaa. Anza na WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data, dhibiti hifadhi. Futa video zilizotumwa mara nyingi. Usipakue programu za "kusafisha simu", nyingi ni matangazo tupu.

Imeanguka baharini. Itoe, izime hapohapo hata kama inafanya kazi, toa laini na kadi. Usiichaji. Usiifukie kwenye mchele: mchele hauvuti chumvi, na punje na vumbi lake huingia kwenye matundu. Ipangusie kwa kitambaa, mpelekee fundi siku hiyohiyo aifungue na kuisafisha kwa spiriti. Kila saa inayopita chumvi inakula shaba. Maji ya mvua una muda kidogo. Ya bahari huna.

Umekosea namba ya siri ya laini mara tatu. Simu itataka PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Usibahatishe, ukikosea mara kumi laini inakufa. PUK imeandikwa kwenye kadi kubwa iliyokuja na laini, au piga huduma kwa wateja ukiwa na namba ya NIDA.

Meseji au simu ya utapeli imeingia. Tuma namba ya aliyekutumia kwenda 15040, kisha mfungie.

Imeibwa. Kwanza azima simu, piga huduma kwa wateja wafunge laini na akaunti ya pesa, kabla hata ya kuanza kumtafuta mwizi. Pili, polisi, ukiwa na ile IMEI. Kama boksi ulitupa na picha ya risiti hukupiga, tazama akaunti yako ya Google kwenye kompyuta au simu nyingine, sehemu ya vifaa vya kutafutwa: IMEI inaweza kuwa imo mle.